Kufika kileleni: majibu tunayoyarudia kila wiki

Anayetaka kuuliza kuhusu kufika kileleni haanzi na neno hilo. Huanza na mgongo unaouma, au mume anayechelewa kurudi, au huuliza kama ni kweli sindano ya uzazi wa mpango inapoza mwili. Kazi yetu ni ushauri wa wanandoa hapa Kampala, na tunaufanya kwa Kiswahili kwa kuwa wengi wanaotufikia ni askari wa kambini, madereva wa malori, wachuuzi wa Kisenyi na ndugu waliotoka Kongo. Tumezoea kungoja. Swali lenyewe hutoka mwishoni, tena limefungwa pamoja na maneno ya mtu mwingine: senga, yaani shangazi anayefunza wasichana mambo ya ndoa, alisema mwili utatetemeka, shoga yangu anasema yeye huzimia kabisa, kwenye video mwanamke hupiga kelele, mbona mimi nasikia kidogo tu? Wanaume nao wana hesabu yao, ambayo ni idadi ya mabao. Wengi wanaokuja wakidhani ni wagonjwa wameazima tu kipimo kisicho chao.

Tuanze na yanayopimika. Mtu akiingiwa na ashiki, damu hujaa sehemu za siri, kisimi na uume huvimba, uke hutoa ute, moyo hupiga mbio, misuli ya mapaja na nyonga hukaza. Mkazo huo ukifika mwisho wake huachia, na misuli ya nyonga hubana na kulegea kwa mfululizo. William Masters na Virginia Johnson wa Marekani, waliochapisha vipimo vyao mwaka 1966, waliona mibano ya mwanzo hupishana kwa sekunde 0.8 hivi, kwa mwanamke na kwa mwanamume vilevile. Idadi ndiyo isiyolingana. Huyu hupata mibano mitatu myepesi, yule kumi na zaidi, na wote wawili wamefika. Wapo hata wasiohisi mbano wowote waziwazi. Wanachokijua ni joto linalopanda kifuani, pumzi kukatika, kisha mwili kulegea na kisimi kutotaka kuguswa tena. Dalili hiyo ya mwisho ndiyo tunayoiuliza kwanza kwa mwanamke asiyejua kama amewahi kufika, kwa sababu wengi hukumbuka mara moja: kuna wakati mguso uliokuwa mtamu uligeuka ghafla ukawa kero, wakamsukuma mume mkono, na hawakujua maana yake.

Muda nao ni mfupi, ila si mfupi kama wanavyodhani wanaofika. Katika vipimo vya maabara vilivyotolewa mwaka 1985, kilele cha wanawake kilidumu kwa wastani wa sekunde 20 hivi, ilhali wenyewe walikadiria kama 12. Na kuhusu dhana kwamba utamu wa mwanamke na wa mwanamume ni vitu viwili tofauti kabisa, kuna jaribio la mwaka 1976 tunalipenda sana. Wanafunzi wa kike na wa kiume huko Marekani waliandika kwa maneno yao jinsi wanavyohisi wakifika kileleni, maneno yanayofichua jinsia yakaondolewa, kisha madaktari na wanasaikolojia wakaombwa waseme lipi limeandikwa na mwanamke na lipi na mwanamume. Walishindwa kutofautisha. Tofauti kati ya mwanamke mmoja na mwenzake inaweza kuwa kubwa kuliko kati yake na mumewe.

Sasa kisimi, ambacho ndicho chanzo cha nusu ya maswali. Kile kipunje kinachoonekana juu ya tundu la mkojo, chini ya kikunjo cha ngozi, ni ncha tu. Nyuma yake kuna shina linalopinda kuingia ndani, miguu miwili inayofuata mifupa ya nyonga kulia na kushoto, kila mmoja sentimita 5 hadi 9, na mafungu mawili yanayojaa damu yanayoukumbatia mlango wa uke. Helen O'Connell, daktari mpasuaji wa njia ya mkojo wa Australia, alieleza umbo hilo kwa ukamilifu mwaka 1998, baada ya vitabu vya udaktari kulipunguza au kuliacha kwa miaka mingi. Mwaka 2022 watafiti wa Oregon walihesabu nyuzi za neva zinazokihudumia kisimi wakakuta zaidi ya 10,000. Kwa hiyo ule ubishi wa vijiweni, kwamba kuna kilele cha nje cha kitoto na kilele cha ndani cha mwanamke aliyekomaa, hauna mguu wa kusimamia. Kinachobonyezwa ndani, kwenye ukuta wa mbele wa uke, kwa sehemu kubwa ni upande wa pili wa kiungo kilekile.

Ila si kila mwanamke anakifikia kwa ndani, na hapa maumbile yana neno. Mwaka 1924 Marie Bonaparte, mwanamke wa ukoo wa Napoleon, alichapisha kwa jina la bandia vipimo vya wanawake 243. Alipima umbali kutoka kisimi hadi tundu la mkojo. Ambao umbali wao haukuzidi sentimita 2.5 walifika kwa urahisi zaidi kwa kuingiliwa tu. Yeye mwenyewe hakuwa miongoni mwao, na alipasuliwa zaidi ya mara moja ili kisimi kisogezwe karibu na uke. Haikusaidia kitu. Wataalamu wawili wa Marekani walizipitia upya takwimu zake mwaka 2011 wakaona uhusiano huo upo kweli. Tungependa kila mume ajue habari hii: mkewe asipofika kwa kuingiliwa peke yake, huenda ni suala la sentimita, na hakuna bidii itakayozibadilisha. Katika uchunguzi mmoja wa wanawake zaidi ya 1,000 wa Marekani, uliotoka mwaka 2018, asilimia 18 tu walisema kuingiliwa peke yake kunawatosha. Asilimia 37 hivi walisema bila kisimi kuguswa hawafiki.

Magharibi ya Uganda hawakungoja hesabu hizo. Kakyabali, njia ya kumfikisha mwanamke kwa kuutembeza uume juu ya kisimi bila kuingia, ambayo Rwanda huitwa kunyaza, imejengwa juu ya ukweli huohuo, na kwa kuwa vijana wengi wa mjini wameisikia redioni bila kuelezwa vizuri, tutaisema hatua kwa hatua. Mwanamke analala chali au anajiegemeza kwenye mito, mwanamume anapiga magoti au anakaa mbele yake. Pawe na ute kwanza, na usipotosha tumia jeli au mate. Mwanamume anaushika uume kati ya vidole, karibu na kichwa, na kugonga kidogokidogo juu ya kisimi, halafu anatelezesha juu na chini kati ya mashavu ya ndani, kulia kushoto, kwa mzunguko, na kurudi juu. Kiganja ndicho kinachofanya kazi, kiuno kimetulia. Dakika tano za mwanzo ni za polepole. Anapoona mwanamke anainua nyonga kuufuata mguso, anashika mwendo mmoja na kukaa nao. Uume ukilegea katikati hakuna kilichoharibika, kwani njia hii haihitaji usimame wima.

Inaharibika wapi? Mara nyingi kwenye nguvu. Kijana anadhani kugonga ni kupiga, na kisimi kikipigwa kikavu hufa ganzi au huuma. Wengine hulenga ncha yenyewe iliyo wazi, wakati wanawake wengi hupenda kuguswa pembeni yake au juu ya kikunjo cha ngozi, na upande wa kushoto unaweza kuwa tofauti na wa kulia. Aliye na kawaida ya kuwahi kumwaga atumie kidole badala ya uume, maana kichwa cha uume ndicho chenye hisia kali. Na kama mnatumia kondomu, ivaliwe tangu mguso wa kwanza. Majimaji yameshakutana kabla ya kuingia, na virusi havisubiri mlango.

Kuna jambo moja kuhusu kakyabali, na mguso wowote mrefu wa ukuta wa mbele, ambalo huwakatisha wanawake njiani kuliko jingine lolote. Anapokaribia, anahisi mkojo umembana ghafla. Anaona aibu, anabana miguu, anamwambia mume aache, na raha yote inayeyuka. Hisia hiyo ni ya kawaida, kwani njia ya mkojo imezungukwa na tishu zilezile zinazovimba. Dawa yake ni ndogo: nenda haja ndogo kabla hamjaanza, tandika kitenge kilichokunjwa mara mbili au taulo, kisha hisia hiyo ikija iache ipite. Baadhi watatoa majimaji, wengine wengi hawatatoa tone. Yakitoka kidogo na mazito kama maziwa yaliyotiwa maji, hayo hutoka kwenye tezi ndogo zilizo kando ya njia ya mkojo. Yakitoka mengi na mepesi, sehemu kubwa hutoka kwenye kibofu: watafiti wa Ufaransa waliwapima wanawake saba kwa picha za mawimbi ya sauti mwaka 2015 wakaona kibofu kilichokuwa kitupu kikijaa wakati wa ashiki na kuwa kitupu tena baada ya maji kutoka. Huko ambako mwanamke husifiwa kwa kulowesha mkeka, asiyelowesha huja kwetu akilia. Kutoa maji na kufika kileleni ni mambo mawili, kila moja huweza kuja bila mwenzake.

Habari ya muda tutaikalia kidogo, maana ndiyo inayovunja nyumba kimyakimya. Wanaume wa nchi tano waliopimwa kwa saa ya kuhesabia sekunde, katika utafiti wa mwaka 2005, walichukua dakika 5.4 kutoka kuingia hadi kumwaga, hiyo ikiwa ni ya katikati. Aliyewahi zaidi alichukua nusu dakika na aliyechelewa zaidi dakika 44. Wanawake waliojipima katika utafiti mwingine, wa mwaka 2020, walichukua wastani wa dakika 13 na ushee tangu walipokuwa na ashiki ya kutosha. Toa hiyo kwenye hii uone pengo. Tendo la ndoa la kawaida limekwisha kabla mwili wa mwanamke haujakaribia, na wote wawili hawakukosea kitu. Pengo hilo halizibwi kwa mwanamume kuongeza dakika tu. Linazibwa kwa kuanza mapema: dakika 15 hadi 20 za mikono, mdomo, maneno na mguso kabla ya kuingia, au kwa kuendelea na mkono baada ya mwanamume kumaliza. Hili la pili wanaume wengi hawajawahi kulifikiria, na wanawake huogopa kulitaja lisionekane ni malalamiko.

Rahisi kusema, na wengi wetu tunaishi kwenye muzigo, chumba kimoja, watoto nyuma ya pazia. Mwanamke anayesikiliza kama mtoto ameamka hawezi kufika, kwa sababu ubongo unaolinda hauachii mwili. Yanayowasaidia wenye chumba kimoja ni haya: godoro lishushwe chini ili kitanda kisipige kelele, redio iwashwe mapema jioni ili isiwe ishara kwa majirani, tendo lihamie saa mbili asubuhi watoto wakiwa shuleni kama mume ana zamu ya usiku, na mlango uwe na komeo la ndani. Mwanamume wa boda anayerudi saa sita usiku na waragi kichwani anajidanganya: pombe humchelewesha yeye na kumfisha mke hamu kwa harufu tu. Kufungiwa kwa waragi ya pakiti mwaka 2019 hakukuondoa tabia hiyo, chupa ilichukua nafasi yake.

Tatizo linalofuata ni la kubadilisha. Mwanamke anaanza kupumua kwa kasi, mwanamume anafurahi, anaongeza nguvu, anabadili mkao, au anauliza, "Umefika?" Kwa swali hilo amemrudisha nyuma dakika tano. Mwili ulioko karibu unataka kilekile, palepale, kwa mwendo uleule, hadi mwisho. Wake wengi waliolelewa kumheshimu mume hawawezi kutoa maelekezo kitandani, na hatuwalazimishi. Tunawapa maneno mafupi yasiyomvunjia mtu hadhi: "Baba Hawa, hapohapo, usihame." Asiyeweza hata hayo aweke mkono wake juu ya mkono wa mume na kuuongoza. Kuigiza ndiko kunakogharimu. Ukiigiza leo, umemfundisha kwamba njia isiyokufikisha ndiyo sahihi, na ataishika kwa uaminifu miaka kumi.

Kuhusu vilainishi, tafadhali, mafuta ya kujipaka na kondomu havikai pamoja. Vaseline, mafuta ya nazi na siagi ya shea hudhoofisha mpira wa kondomu ndani ya dakika chache. Jeli ya maji inayouzwa kwenye maduka ya dawa haina shida hiyo, na kiasi cha kijiko kidogo cha chai kinatosha kuanzia. Ikikauka, tone la maji huiamsha. Ukavu wenyewe haumaanishi mwanamke hapendi. Anayenyonyesha, anayekaribia kukoma hedhi na aliyekoma, na baadhi ya wanaochoma sindano ya Depo hukauka hata wakiwa na hamu. Vitu vya kukausha uke kwa makusudi, unga na majani yanayouzwa kwa ajili hiyo, huchuna ngozi na kurahisisha maambukizi. Hatuna neno zuri la kusema juu yake.

Kwa mwanamke ambaye hajawahi kufika hata mara moja, njia iliyofaulu zaidi ni kuujua mwili wake kabla ya kumfundisha mtu. Wengine dini yao haiwaruhusu kujigusa, na hilo tunaliheshimu. Hao huifanya kazi hiyo pamoja na waume zao. Zoezi lililotokana na Masters na Johnson linakwenda hivi. Jioni mbili tatu kwa wiki, nusu saa kila mara, mnapeana zamu ya kumgusa mwenzako mwili mzima isipokuwa matiti na sehemu za siri, na kuingiliana ni marufuku kabisa. Anayeguswa hana kazi yoyote ila kusema panapopendeza. Wiki ya pili au ya tatu matiti na sehemu za siri zinaongezwa, bado bila kuingiliana na bila kutafuta kilele. Kuingiliana kunarudi mwisho, polepole. Marufuku hiyo ndiyo dawa yenyewe: inaondoa mtihani, na mwili usiopewa mtihani huanza kusikia. Wanandoa wanaoshindwa ni wale wanaoivunja siku ya tatu kwa kuwa mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

Mazoezi ya misuli ya nyonga husaidia baadhi. Misuli yenyewe ni ile unayoibana kuzuia ushuzi. Bana kwa sekunde 5, legeza kwa sekunde 5, mara 10, mara tatu kwa siku, kwa miezi miwili au mitatu. Usisahau kulegeza. Mwanamke ambaye kuingiliwa kunamuuma, au uke hujifunga wenyewe, mara nyingi tayari anabana kupita kiasi, na kwake mazoezi haya huzidisha maumivu.

Wanaume huamini kumwaga ndiko kufika. Kwa kawaida huja pamoja, lakini ni matukio mawili. Aliyefanyiwa upasuaji wa tezi dume, mwenye kisukari cha muda mrefu, au anayemeza tamsulosin kwa ajili ya mkojo anaweza kufika vizuri kabisa bila tone kutoka, mara nyingi kwa sababu shahawa zimerudi kwenye kibofu. Haidhuru afya, ila kama anatafuta mtoto lazima daktari ajue. Na yupo anayemwaga asihisi chochote, hasa akiwa na msongo au akitumia dawa fulani. Baada ya kumwaga, mwanamume huhitaji kupumzika kabla ya kuweza tena: kijana dakika chache, mwenye miaka 60 pengine siku nzima au zaidi. Hesabu ya mabao inapima umri tu. Wanawake wengi hawana mapumziko hayo ya lazima na wanaweza kufika tena, lakini wengi pia wakifika mara moja wanatosheka na hawataki nyingine.

Kuwahi kumwaga kuna mipaka yake ya kitaalamu: aliye hivyo tangu mwanzo humwaga ndani ya dakika moja hivi karibu kila mara, na aliyepatwa baadaye muda wake hushuka hadi dakika tatu au pungufu, hawezi kujizuia, na jambo lenyewe linamtesa. Mwenye dakika sita anayetaka thelathini hana ugonjwa. Zoezi la kusimama na kuanza, lililoelezwa na daktari James Semans mwaka 1956, bado ndilo la kwanza. Mguso wa mkono hadi ukaribie, uache kabisa nusu dakika, uanze tena. Mara tatu uzuie, ya nne uachie. Ukiweza kwa mkono mkavu, fanya na jeli, kisha ndani ya uke mwanamke akiwa juu na ametulia. Kosa la kawaida ni kusimama ukiwa umeshachelewa. Ikiwa kumi ndiyo kumwaga, simama kwenye saba. Kwenye tisa hakuna breki.

Tohara huulizwa sana, hasa na wake ambao waume wao wametahiriwa ukubwani kliniki au Mbale wakati wa imbalu, sherehe ya tohara ya Wagisu. Bahati nzuri jibu lilitafutwa hapahapa Uganda, wilayani Rakai. Katika utafiti uliotoka mwaka 2009, wanawake waliulizwa walinganishe raha yao kabla na baada ya waume zao kutahiriwa: asilimia 57 hawakuona tofauti, karibu 40 walisema raha imeongezeka, na asilimia 3 hivi ikapungua. Wangoje tu majuma sita kidonda kipone. Ukeketaji ni jambo jingine kabisa, na sheria ya mwaka 2010 iliupiga marufuku nchini. Wanawake wa Sebei na Karamoja waliokeketwa huja wakiwa wameambiwa kwamba yao yamekwisha. Kilichokatwa ni kile cha nje. Miguu na mafungu ya ndani mara nyingi vimebaki, na wapo wanaofika, kwa kubonyezwa kwa shinikizo pana la kiganja juu ya kovu, na kwa muda mrefu zaidi. Penye kovu linalouma au uvimbe, daktari aone kwanza. Ama mashavu ya ndani, yawe marefu au mafupi, hayaamui nani afike.

Dawa za hospitali hulaumiwa mara chache kuliko zinavyostahili. Fluoxetine, dawa ya sonona, na jamii yake huchelewesha kilele au hukiondoa kabisa, amitriptyline pia, na dawa za akili kama haloperidol hupandisha homoni inayozima hamu. Baadhi ya dawa za presha hupunguza nguvu za kusimama. Usiache dawa mwenyewe. Mwambie aliyekuandikia, kwani mara nyingi dozi au aina hubadilishwa. Kwa upande wa pili, vidonge vya nguvu huuzwa Kampala kama pipi. Sildenafil huanza kwa miligramu 50, saa moja kabla, mara moja tu kwa siku, na bila ashiki haifanyi kitu. Ukila chakula chenye mafuta mengi hukawia. Anayetumia dawa za moyo za jamii ya nitrati asiiguse, presha inaweza kuanguka akafa. Anayetumia dawa za virusi vya UKIMWI zenye ritonavir, ambazo wengi walio kwenye mstari wa pili, yaani waliobadilishiwa dawa baada ya zile za mwanzo kushindwa, wanazo, asizidishe miligramu 25 kwa saa 48, maana ritonavir huizuia isitoke mwilini. Mulondo, mzizi wa kuongeza nguvu, watu huutafuna tangu zamani na hatuna ugomvi nao. Unga wa pakiti usio na jina ndio tunaouogopa, kwani bidhaa za namna hiyo zimewahi kukutwa zimetiwa sildenafil ndani bila kuandikwa. Na mwanamume wa miaka 45 anayeanza kushindwa kusimama apime sukari na presha kabla ya kutafuta kidonge, mishipa ya uume ni myembamba na huonyesha ugonjwa mapema kuliko ya moyo.

Baada ya kujifungua, wiki sita ni kiasi cha kawaida cha kungoja, na kilele cha kwanza kinaweza kuwa hafifu au kuleta maziwa. Yote mawili hupita.

Yapo machache yasiyongoja. Damu baada ya tendo ni ya kupelekwa kituo cha afya ukachunguzwe mlango wa kizazi. Maumivu ya ndani kila mara mnapokutana, vilevile. Uume uliosimama zaidi ya saa nne ni dharura, hasa kwa mwenye selimundu. Na kichwa kikipasuka ghafla kwa maumivu makali wakati wa kufika, kwa mara ya kwanza maishani, mara nyingi huwa si hatari, ila mara nyingine ni mshipa umepasuka kwenye ubongo. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku, na umwambie daktari wazi ulikuwa unafanya nini, maana akisikia "kichwa tu" atakupa Panadol akurudishe nyumbani.